Zamu ya Baba Darajani

Baba yangu hakuwahi kuwa sajini. Aliingia jeshini askari wa kawaida na akatoka askari wa kawaida. Lakini mtaa mzima ulimwita Sajini, kwa jinsi alivyotembea, mgongo umenyooka kama ufito, na kwa jinsi alivyosimamia geti la shule alikopata kazi ya ulinzi baada ya vita. Kengele ikishalia, geti limefungwa. Mwalimu mkuu mwenyewe akichelewa alisimama nje na wanafunzi. Mama alimtania: "Jeshi lilikunyima cheo, mtaa umekupandisha bila mtihani." Baba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kicheko kamili kilikuwa kitu adimu kwake.

Kulikuwa na jambo moja la baba lililotuchekesha sana sisi watoto. Kwenye kona ya mtaa wetu palikuwa na kibanda cha kinyozi, jirani kabisa na kwetu, na baba hakuwahi kukanyaga pale. Akitaka kunyoa alivaa viatu, akavuka mji hadi ng'ambo ya soko, akarudi jioni kichwa kinang'aa. Akipita kwenye ile kona, alihamia upande wa pili wa barabara. Kaka yangu alishikilia kwamba yule kinyozi aliwahi kumkata sikio. Siku moja tulimnyemelea baba amelala, tukamkagua masikio yote mawili. Yalikuwa mazima.

Nilikuwa msichana mkubwa mama aliponieleza. Tulikuwa tunakunja nguo zilizotoka kwenye kamba.

"Yule kinyozi alikuwa koplo wake," alisema. "Walikuwa kikosi kimoja. Baba yako aliwekwa kulinda daraja karibu na mpaka. Koplo akamwambia, mtu yeyote asivuke, na wewe usiondoke mpaka nije kukubadilisha mwenyewe. Mara adui akatokea njia nyingine, kikosi kikapanda magari kikakimbia. Koplo hakurudi."

"Baba akafanyaje?"

"Si unamjua baba yako? Alikaa. Alikula mahindi mabichi ya kando ya mto mpaka tumbo likaharibika. Wakaja askari wengine wa kwetu wakamkuta bado amesimama na bunduki yake, hawezi hata kutaja jina lake."

Nikauliza kwa nini basi wasipatane, maana vita vilikwisha kabla sijazaliwa. Mama alilikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kuna mengine hajaniambia hata mimi," akasema. "Nimeuliza mpaka nimechoka."

Mama alifariki bila kujibiwa, na baba akahamia kwangu, katika mtaa uleule. Mimi ni fundi cherehani. Sebule ndiyo karakana yangu, na mume wangu yuko kazini mji mwingine muda mwingi. Mwanzoni baba alikuwa msaada. Alifyeka majani uani, alimchunga binti yangu ambaye alikuwa hajaanza shule, alinipokelea wateja kwa adabu iliyowatisha. Kisha akili ikaanza kumponyoka. Alitafuta miwani akiwa ameivaa. Aliniita kwa jina la mama, kisha kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni. Nilijifunza kuitika majina yote. Niliona ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua na baridi. Nilikuwa nimeingiza jiko la mkaa jikoni badala ya kupikia uani, nikabandika maharage, nikauacha mlango wa nyuma wazi ili hewa ipite. Nyumba ya jirani ilikuwa inajengwa. Nguo ya mteja ilibaki zipu tu, nami nikavuka barabara kwenda kununua zipu dukani. Baba alikuwa ameketi sebuleni, mtoto anacheza na vitambaa miguuni pake.

Nikiwa bado dukani, lori la mawe likamwaga mzigo wake pale kwenye ujenzi, wote kwa mpigo. Chupa zilitikisika kwenye rafu. Mwenye duka akaapiza, tukacheka. Niliporudi, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Niligonga nikidhani ni mtoto aliyechezea komeo. Kikasikika kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Nikazunguka nyuma: nako kumefungwa. Madirisha yote yamefungwa na mapazia yameshushwa. Madirisha yetu yana nondo, hapapiti hata paka. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia la sebule nikamwona baba. Alikuwa amesukuma kabati mlangoni na kusimama kando yake, wima, na mkononi ameshika panga la kufyekea. Mtoto sikumwona.

"Baba, ni mimi. Fungua."

"Simama hapohapo," alijibu. Haikuwa sauti ya yule mzee aliyetafuta miwani. "Hakuna anayevuka. Rudini mlikotoka."

Nilimwita binti yangu. Hakuitika. Nikamwita tena, kwa upole kadiri nilivyoweza. Kimya. Ndipo nikakumbuka jiko. Mkaa ulikuwa umewaka vizuri, na sasa uko ndani ya nyumba isiyo na tundu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Moshi wake wa kuua hauonekani wala haunuki. Unakulaza tu.

Majirani walianza kujaa. Mmoja alimpigia simu kaka yangu, ambaye ni fundi magari na gereji yake haiko mbali. Alifika na ovaroli yake yenye grisi na mtaimbo mkononi. Mwingine akasema tuite polisi. Nikamkatalia. Ukimpelekea mtu kama yule watu wenye bunduki, nani atajua mwisho wake?

"Sogeeni," alisema kaka. "Huu mlango nauangusha sasa hivi."

"Baba yuko nyuma yake na panga."

"Nimeliona. Nitaingia mimi."

"Na mtoto je? Hujui yuko wapi. Huenda yuko nyuma ya hilo kabati unalotaka kuliangusha."

"Kwa hiyo tusubiri afe kwa moshi?"

Kaka alivunja kioo cha dirisha la sebule kwa ncha ya mtaimbo, hewa ipite angalau hapo. Mlio wa kioo ulimfanya baba aruke nyuma na kuinua panga, akarudi kusimama palepale. Pazia lilipeperuka nikaona vizuri macho yake. Hayakuwa ya ukatili. Alikuwa na hofu, na alikuwa amechoka sana.

Nikausogelea uwazi wa kioo. "Baba, nani amekwambia watu wasivuke?"

"Ni amri, mama," alinijibu, kama anavyojibiwa mpita njia. "Usinilaumu. Mwenye amri hajaja."

"Mwenye amri ni nani?"

"Koplo. Alisema anakuja."

Nilimshika kaka mkono. "Usiguse huo mlango mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, mwenye aproni nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama karatasi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwamkia kwa mbali tu, naye aliniitikia akitazama chini.

"Shikamoo mzee. Twende nyumbani, tafadhali. Baba kajifungia na mtoto, ana panga."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hataki hata kuuona uso wangu. Nikienda mimi nitaharibu zaidi."

"Leo hatuoni sisi wala wewe. Leo yuko darajani. Anakusubiri."

Mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma hewani. Aliizima. Alipoiweka mezani ilimponyoka ikaanguka, asihangaike kuiokota. Tulitoka kwenye mvua, yeye na aproni yake, na nyuma yetu yule mteja na nusu ya nywele zake. Njia nzima hakusema neno. Alikuwa akitembea kama mtu anayepelekwa mahakamani, ila hakupunguza mwendo.

Tulipofika, kaka alikuwa ameshachomeka mtaimbo kwenye fremu ya mlango. "Mtoto alikuwa anakohoa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sasa hivi amenyamaza."

Kinyozi alisimama mbele ya mlango, akajikohoza. "Fungua," alisema. "Ni Koplo."

"Koplo hana sauti hiyo," baba alijibu upesi. "Rudi nyuma."

Mzee alinigeukia kama anayeomba msaada, kisha akaugeukia mlango tena. Akasema taratibu:

"Kobe."

Hatukuwahi kusikia baba akiitwa jina hilo. Mama hakuwahi kulitaja.

"Kobe, ni mimi. Nimekuja kukubadilisha."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wengine wako wapi?"

"Wameondoka."

"Nilisikia magari," alisema baba. "Nilisikia yakiwaka, nikajiambia, Koplo hawezi kuniacha."

Kinyozi aliegemeza paji la uso kwenye mlango. Nikataka kumwambia harakisha, mzee wangu, moshi, moshi. Kaka akanibana bega.

"Koplo," baba alisema, na sasa alikuwa karibu na mlango, sauti yake inapita kwenye ufa. "Kuna watu hapa. Wametoka ule upande, wanakimbia mapigano. Kuna wanawake, kuna watoto. Wanataka kuvuka nami nimewakatalia. Mama mmoja amenipigia magoti. Wengine wanasema wataingia majini kule chini, na mto umejaa. Wengine wameshaingia. Niwafanyeje?"

Kaka alishusha mtaimbo. Nilimwangalia kinyozi, nikaona wazi kwamba hata yeye alikuwa analisikia jambo hili kwa mara ya kwanza.

"Koplo. Nakuuliza."

"Wapitishe," kinyozi alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii."

"Wapitishe wote." Safari hii alisema kama askari, na majirani walirudi nyuma. "Ni amri yangu. Watoto kwanza."

Kabati liliburutwa. Liliburutwa polepole mno, likakwama, likaburutwa tena. Komeo likalia. Mlango ulifunguka kiasi cha kupita mtu mmoja, na binti yangu akatoka amevalishwa koti kubwa la babu yake, koti linafagia chini, uso wake umelowa jasho na macho yamelegea. Nilimnyakua. Alikuwa anapumua. Nilimpeleka mbali na mlango, kwenye mvua, nikamfungua koti, akakohoa, kisha akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Baba hakutoka. Alibaki kizingitini, ameushikilia mlango wazi kwa bega, na mkono usio na panga unapunga. "Pita, mama. Pita. Taratibu, kuna utelezi. Wewe, mshike mwenzako mkono. Piteni." Aliwapisha mmoja mmoja, watu ambao sisi hatukuwaona. Mara nyingine aliinama kidogo, kama anayemwangalia mtoto usoni. Kaka alitaka kumpita ili akatoe jiko, kinyozi akanyoosha mkono akamzuia.

"Mwache amalize."

Tulisimama tumelowa, watu wazima wote wale, tunatazama uwazi wa mlango. Sijui ilichukua muda gani. Mwishowe baba alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona wamekwisha. Akamgeukia kinyozi. Akaliweka panga juu ya viganja viwili, mpini ukielekea kwa mwenzake, akamkabidhi.

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Kwa nini?"

Pale angeweza kusema lolote. Angesema gari liliharibika, baba angekubali.

"Niliogopa, Kobe. Gari lilikuwa linaondoka, nikarukia ndani."

Baba alilifikiria hilo. "Hata mimi niliogopa," akasema. "Ila sikuwa na gari."

Kisha miguu ikamwisha nguvu, kaka akamdaka.

Hospitalini walisema mtoto alipata moshi kidogo, na kile kioo kilichovunjwa kilisaidia sana. Alitapika, akaumwa kichwa, siku ya pili anataka kucheza. Baba alilala usingizi mrefu na kuamka akilalamika kwamba maharage yameungua, nani mpishi wa nyumba hii. Hakukumbuka chochote.

Jioni ya siku ileile ya tukio, niliporudi kutoka hospitalini, kinyozi alikuwa bado ameketi barazani kwangu. Nilimpa chai, ikapoa mikononi mwake.

"Ni kweli watu walikufa pale?" nilimuuliza.

"Baada ya vita tulisikia kuna watu walichukuliwa na ule mto. Wengi. Sikuwahi kuunganisha na lile daraja." Alikizungusha kikombe. "Miaka yote nilijua ananichukia kwa sababu nilimwacha na njaa. Kumbe nilimwacha na lile swali. Mimi ndiye niliyepaswa kulijibu, nami nilikuwa garini."

Kuanzia hapo alikuja kila wiki kumnyoa baba. Msidhani walipatana kama kwenye hadithi. Siku nyingine baba alimwona mgeni tu, wakaongea habari za mvua. Siku nyingine alimtambua barabara, na hizo ndizo zilikuwa ngumu. "Siwezi kukupa koo langu," alimwambia mara moja, na kinyozi akakunja wembe wake, akauweka mfukoni, akaketi naye hivyohivyo mpaka jua likapungua.

Siku moja alimtambua na bado akakubali. Nilikuwa cherehanini, mguu wangu ulisimama wenyewe juu ya pedali. Baba aliinua kidevu, akaitazama dari. Wembe ulikuwa unapanda shingoni.

"Mkono wako unatetemeka," alisema baba.

"Ni uzee."

"Si uzee."

Kinyozi alimaliza shavu moja, akamaliza la pili, akampangusa kwa taulo la moto. Baba alijipapasa uso. "Wiki ijayo usije," akasema. Wiki iliyofuata alikuja, na baba alikuwa amesahau kwamba alimkataza.

Baba alifariki mchana mmoja wa kiangazi, kitini, wakati nampimia mteja gauni. Jeshi lilileta vijana wachache waliovalia vizuri ambao hawakumjua. Makaburini, kaka alimwomba kinyozi aseme machache kama mtu wa kikosi chake. Tulitarajia sifa za kawaida. Mzee akasimama, akaeleza habari ya daraja mbele ya watu wote: nani aliachwa, nani alikimbia, na mto ulifanya nini. "Watu wale wahesabiwe kwangu," alisema. "Huyu tunayemlaza hapa msimhesabie." Watu waliguna. Wale vijana wa jeshi walitazama viatu vyao. Kaka alikasirika, alisema mambo mengine huzikwa na mwenyewe, na kwa muda mrefu hakumwamkia yule mzee. Mimi nilikuwa na mawazo tofauti. Baba aliishi na jambo lile peke yake kiasi cha kutosha. Mtu mwingine kulibeba hadharani, hata kwa dakika chache, sikuona ubaya wake.

Binti yangu sasa yuko shule. Kwa muda mrefu sikumgusia habari ya siku ile, nikiogopa kuamsha lililolala. Juzi, tukiwa tunachambua vitambaa, nikamuuliza kama anaikumbuka.

"Ndiyo," alisema. "Babu aliniambia nje kuna mto, nisitoke. Akanilaza chini ya meza, akanifunika koti lake, akanipa mkate. Halafu nikasikia watu wanapiga kelele, wanavunja dirisha. Nilidhani nyie ndio wabaya."

"Uliogopa?"

"Hapana. Babu si alikuwa mlangoni."